Fleshi yenye leseni safi: makusanyo ya bure ya sauti za ala, yakipimwa Lubumbashi

Katika studio nyingi ndogo za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, sauti za ala, yaani noti zilizorekodiwa ili kompyuta izipige kama ala yenyewe, hazinunuliwi wala hazitafutwi; zinapokelewa. Mtu anakuja na fleshi, ananakili folda yenye jina kama “piano kali” au “ngoma mpya 2”, anaondoka, na kuanzia siku ile piano hiyo inasikika katika nyimbo za kwaya, katika matangazo ya redio na katika video za harusi, bila yeyote kujua ni nani aliyeirekodi na kwa masharti gani. Kwa hiyo tathmini hii ya makusanyo ya bure nimeiongoza kwa maswali mawili. La kwanza: wimbo nitakaoutengeneza kwa sauti hizi, naweza kuuuza? La pili: sauti zenyewe, naweza kumpa mwenzangu kwa fleshi bila kuvunja masharti ya mwenyewe? Swali la kwanza huulizwa kila mahali. La pili linatuhusu sisi zaidi, kwa sababu mega za intaneti ni ghali na kusanyo la gigabaiti mbili halipakuliwi na kila mtu katika mtaa. Anapakua mmoja, wengine wananakili kwake.

Noti ya Do haina mwenyewe. Lakini mtu aliyeweka maikrofoni mbele ya piano, akairekodi Do hiyo kwa kidole chepesi, kisha kwa kidole kizito, kisha akaikata na kuisafisha, ana haki juu ya rekodi ile kama vile mwimbaji alivyo na haki juu ya wimbo wake uliorekodiwa. Hapa Kongo mambo haya yanaongozwa na Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi na hakishiriki, yaani haki za waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi, sheria iliyoitangulia fleshi ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa haihitaji kuitaja fleshi ili ifanye kazi. Wala suala hili si la mahakamani peke yake. Kampuni inayotaka muziki wa tangazo, au shirika linalotengeneza filamu fupi ya uhamasishaji, linaweza kumtaka mtunzi atie sahihi kwamba kila sauti iliyomo ni halali, na aliyejenga kazi yake juu ya “piano kali” hana la kujibu.

Nianze na piano, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa kuliko ala zote, hasa na wanaotengeneza nyimbo za kwaya. Salamander Grand Piano ilirekodiwa na Alexander Holm kutoka kwenye piano ya Yamaha C5, kwa maikrofoni mbili za AKG C414 zilizowekwa karibu sana na nyuzi. Kila noti iliyorekodiwa ina ngazi 16 za nguvu ya kidole, ndiyo maana mpigaji anayejua kunong’ona na kupaza kwa vidole anaisikia ikimfuata. Haikurekodiwa kila noti. Ilichukuliwa moja katika kila tatu, na programu ndiyo inayoisogeza sauti juu au chini kidogo kwa ajili ya noti za jirani. Hata ile kelele ndogo ya nyundo kidole kinapoachia imerekodiwa kando. Kwa miaka mingi kusanyo hili lilikuwa chini ya CC BY, mojawapo ya leseni za wazi za shirika la Creative Commons, ambayo inadai kimsingi kwamba mrekodi atajwe. Mwaka 2022 Holm aliliachia liwe mali ya umma, yaani lisilodaiwa haki na mtu yeyote. Majibu ya maswali yangu yote mawili ni ndiyo, bila masharti ya kukumbuka. Sauti yake ni angavu kidogo kwa masikio yangu, na katika wimbo wa taratibu ninaipunguzia noti za juu, lakini sijapata piano nyingine ya bure ninayoiamini kiasi hiki.

Kasoro yake ni uzito. Toleo lake kubwa linazidi gigabaiti moja, na kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu italalamika. Dawa ipo, na inatokana na muundo wa SFZ ambao kusanyo hili linautumia. Faili la SFZ si sauti. Ni maandishi matupu yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile ndogo inayokuja na Windows. Ndani yake kila kipande kinatangulizwa na neno region, kisha kinatajwa: rekodi ya kupigwa, noti ya chini na ya juu zinazoihusu, zikiandikwa lokey na hikey, na mipaka ya nguvu ya kidole, lovel na hivel, katika kipimo kinachoishia 127. Ukifuta mistari ya ngazi nane kati ya zile 16, ukapanua mipaka ya zilizobaki ili kusiwe na pengo, piano inapungua karibu nusu ya uzito, na ndani ya wimbo wenye ngoma, besi na waimbaji 20 hakuna atakayegundua. Hii ni kazi ya jioni moja, na kwa kuwa ni mali ya umma, hata toleo lako lililopunguzwa unaweza kuligawa.

Programu ya kuzipiga sauti hizi nayo ipo bure. Sforzando, ya kampuni ya Plogue ya Kanada, inasoma SFZ pamoja na SoundFont, muundo mwingine unaofunga sauti zote katika faili moja, na inaingia ndani ya programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio kama ala nyingine yoyote. Anayetumia Linux, au anayetaka programu ambayo nayo imeachiwa wazi, achukue sfizz.

Kwa okestra, chaguo langu la kwanza ni VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios. Ni okestra ya chumbani, kundi dogo, si jeshi la wapiga fidla wanaosikika katika filamu za Marekani, na anayeitaka kwa kishindo atavunjika moyo. Fidla ya pekee na ala za kupuliza za mbao ndizo nizipendazo. Zina pumzi na ukwaruzo wa mtu halisi. Nyuzi za pamoja zinakaa vizuri chini ya waimbaji, lakini zikiachwa peke yake zinaonyesha mishono, kwa sababu noti haziungani kwa mteremko wa kweli, kila moja inaanza upya. Leseni yake ni CC0, maana yake waliorekodi wameachia haki zao zote kadiri sheria inavyoruhusu. Hii ndiyo leseni inayolingana na maisha yetu ya fleshi: mmoja analipia mega, mtaa mzima unanakili, na hakuna aliyeiba. CC0 haikulazimishi kumtaja yeyote, ingawa mimi huwataja waliorekodi. Ni adabu tu, na haigharimu faranga.

Linganisha na Sonatina Symphonic Orchestra ya Mattias Westlund, kusanyo lililowasaidia watu wengi wasio na fedha na ambalo bado linazunguka kwenye fleshi za hapa. Lilitolewa kwa leseni ya Creative Commons iitwayo Sampling Plus 1.0, na ndani ya leseni hiyo matumizi ya matangazo ya biashara yamekatazwa, isipokuwa kuitangaza kazi yenyewe uliyoitengeneza. Mtunzi anaweza kuuza albamu yenye fidla za Sonatina, lakini fidla hizohizo zikiingia katika tangazo la redio la duka la simu, amevuka mpaka. Ni wangapi kati yetu wanaopata riziki kwa albamu kuliko matangazo? Creative Commons wenyewe waliistaafisha leseni hiyo mwaka 2011, yaani hawaipendekezi tena kwa kazi mpya, lakini kazi zilizokwisha kutolewa kwayo bado zinabeba masharti yake. Kwa sababu hiyohiyo, makusanyo yaliyounganishwa kutoka vyanzo mbalimbali, kama Virtual Playing Orchestra ya Paul Battersby, yanahitaji kusomwa ala moja baada ya nyingine: filimbi inaweza kuwa huru kabisa na tarumbeta iliyo jirani yake ikawa na masharti. Kwa sauti, ni kusanyo lenye mpangilio mzuri. Kwa anayetengeneza matangazo, ni kazi ya ziada.

Kuna hazina mbili, moja ya chuo na nyingine ya okestra, ambazo nitazipita kwa haraka. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kimekuwa kikitoa tangu 1997 rekodi za ala, nyingi zikiwa zimechukuliwa katika chumba kisicho na mwangwi hata chembe, na kinaruhusu zitumike kwa mradi wowote. Ni safi, lakini ni noti mbichi, na lazima uzikate mwenyewe. Okestra ya Philharmonia ya London nayo imeweka maelfu ya noti zilizopigwa na wanamuziki wake, na inaruhusu hata kazi za kuuza. Kinachokatazwa ni kuziuza au kuzigawa zilivyo. Hapo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana.

Hali ni hiyohiyo kwa makusanyo ya bure yanayotolewa na kampuni za biashara, ambayo kwa ubora wa sauti mara nyingi yanazishinda kazi za kujitolea. LABS na BBC Symphony Orchestra Discover, zilizotengenezwa na Spitfire Audio ya London, zinavutia tangu noti ya kwanza, na wimbo utakaotengenezwa nazo ni wako wa kuuza. Lakini ni lazima ufungue akaunti, upakue kupitia programu yao, na sauti haziruhusiwi kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kila kijana wa studio anapaswa kutumia mega zake mwenyewe. Bure ya aina hii inamfaa mwenye intaneti ya ofisini. Kwa wengine wetu ni bure yenye nauli.

Mwenye kompyuta ya zamani asidharau makusanyo madogo ya General MIDI. Kanuni hiyo ya mwaka 1991 ilipanga sauti 128 kwa namba zisizobadilika, ili wimbo ulioandikwa kwenye kinanda kimoja usikike kwa mpangilio uleule kwenye kingine. FluidR3 GM ya Frank Wen, yenye megabaiti zipatazo 140, inazo zote katika faili moja la SoundFont, na leseni yake ni ya MIT, ambayo inataka tu ilani ya haki iambatane na nakala: weka faili la leseni kando ya sauti kwenye fleshi, umemaliza. GeneralUser GS ya S. Christian Collins ni nyepesi zaidi, takriban megabaiti 30, na kwa kuandaa wimbo haraka kabla umeme haujakatika hakuna kinachoishinda. Sizitumii kwa kazi ya mwisho, isipokuwa besi na ogani za FluidR3, ambazo ndani ya sebene hazina aibu yoyote. LMMS, ambayo ni programu huru ya kutengenezea muziki, inasoma mafaili haya bila kuongezewa kitu.

Makusanyo ya FreePats yanastahili neno moja kuhusu leseni. Baadhi yake yametolewa kwa GPL, leseni iliyoandikwa kwa ajili ya programu za kompyuta na siyo kwa ajili ya muziki, inayodai kwamba kinachotokana na kazi kiachiwe kwa leseni ileile, na mtu mwangalifu atauliza kama wimbo unaotumia sauti hizo nao unalazimika kuachiwa kwa GPL. FreePats waliliona hilo mapema, wakaongeza kifungu maalumu kinachosema kwamba muziki uliotengenezwa haufungwi na leseni ya sauti. Ukikutana na SoundFont ya GPL isiyo na kifungu kama hicho, iache, zipo nyingine.

Sasa Freesound, tovuti ya kupakia na kupakua rekodi, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Ilianzishwa mwaka 2005 na kikundi cha teknolojia ya muziki cha Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na ina rekodi zaidi ya nusu milioni zilizopakiwa na watu wa kila nchi. Wengi wanadhani kwamba kila kilichomo ni cha bure kwa kila matumizi. Sivyo. Kila rekodi ina leseni yake, aliyoichagua aliyeipakia, kwa kawaida CC0, CC BY, au CC BY-NC, ambayo inakataza matumizi ya kibiashara. Video ya YouTube inayoingiza fedha za matangazo ni biashara. Muziki wa harusi uliolipiwa ni biashara, hata kama aliyelipa ni shemeji yako. Kabla ya kutafuta chochote, chuja kwa leseni. Kichujio kipo pembeni mwa matokeo, na mimi naanza na CC0 peke yake. Nikichukua ya CC BY, naandika katika maelezo ya wimbo jina la rekodi, jina la aliyeipakia, kiungo na leseni. Freesound yenyewe inakutunzia orodha ya ulivyopakua, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kusahau.

Tatizo linalobaki ni kuaminiana. Masharti ya Freesound yanadai upakie kazi yako tu, lakini mtu anaweza kukata kinanda kutoka kwenye albamu ya mwingine na kuandika CC0 juu yake. Mimi hutazama historia ya aliyepakia: anayeeleza maikrofoni aliyotumia, chumba alichorekodia na ala yenyewe, namwamini, mwenye rekodi moja tu isiyo na maelezo, iliyokwisha kutiwa mwangwi na kila pambo, namwacha hata kama sauti yake inanitoa machozi. Vivyo hivyo naepuka vipande vya mdundo vilivyokwisha kupangwa, hata vya CC0. Watu wengi wanavitumia, na mmoja wao akiusajili wimbo wake katika mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mfumo unaweza kuudai wimbo wako kwa sababu kipande ni kilekile. Kanuni za YouTube zinataka anayesajili awe na haki ya pekee juu ya alichosajili, lakini kazi ya kupinga dai inakuangukia wewe. Noti mojamoja hazina balaa hilo.

Kwa ngoma za kizungu, chukua Virtuosity Drums, seti ya ngoma za jazi iliyo chini ya CC0, kisha ipunguze kwa njia ileile ya kufuta mistari.

Ugumu wa kweli unaanza mtunzi wa Lubumbashi anapotafuta sauti za kwao. Katika zile namba 128 za General MIDI, kuna sitar ya India, koto na shamisen za Japani, zumari la Uskoti, na sisi tumepewa kalimba, namba 109. Kusanyo linalojitahidi zaidi ni VCSL, la Versilian Studios hao hao pamoja na wachangiaji, ambalo limepangwa kwa utaratibu wa watafiti Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914: ala za kupuliza, za nyuzi, za ngozi, na zile ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia. Nalo ni CC0, na ndani yake nimepata ngoma na manyanga ya kutumika. Gitaa lakini linasikitisha kila mahali. Mpigaji wa Katanga, tangu siku ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 katika mji ambao leo ni Likasi, anapiga kwa kidole gumba na cha shahada vikijibizana, gumba likitembeza besi na cha shahada kikipandisha wimbo. Magitaa ya bure yamerekodiwa kwa mkono unaozipiga noti zote kwa namna moja, na ukiandika mtindo huo ndani yake yanageuka saa ya ukutani.

Wapo wanaofikiria kukata noti kutoka kwenye rekodi za kale, zile za ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 na sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, au za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kusikiliza si ruhusa ya kukata. Rekodi hizo zina wasimamizi wake, na anayezitaka awaandikie kwanza.

Karindula sijaikuta katika kusanyo lolote kati ya haya. Ala ambayo haikosi katika sherehe na matanga ya hapa, pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, lenye nyuzi nne na besi inayotikisa kifua, haina hata noti moja ya CC0 niliyoipata. Kinachohitajika si kikubwa: mpigaji, chumba chenye mablanketi ukutani, kinasa sauti cha kawaida, nyuzi nne zilizopigwa noti baada ya noti kwa ngazi tatu au nne za nguvu, kila noti ikiachwa ife yenyewe, na vipigo vya mkono juu ya ngozi vikirekodiwa kando. Faili la SFZ linaandikwa kwa siku moja. Lakini kabla maikrofoni haijawashwa, mpigaji asomewe kwa Kiswahili kwamba CC0 haina kurudi nyuma, kwamba mtu wa Tokyo ataweza kuuza wimbo wenye karindula yake bila kumtaja. Akiona hilo ni zito, CC BY ipo, itakayolazimisha jina lake litajwe huku sauti ikiendelea kupita kwenye fleshi. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi, malipo yake ya siku ile yatajwe kwa faranga, na nakala ya karatasi hiyo iwekwe ndani ya folda ileile ya sauti.